Bwana Mifugo na Mguu wa Kadogo

Bwana Mifugo hakuwa mtu wa kupiga hodi. Ukisikia pikipiki inazimwa nyuma ya zizi, ujue ameshaingia, ameshainama, anachokonoa kinyesi kwa kijiti. Sauti ilitangulia kufika mlangoni: "Amekula? Amekunywa? Ameanza lini?" Wewe na shikamoo yako unasubiri. Akisharidhika na majibu ndipo anakumbuka kuwa pale kuna binadamu pia, anavua kofia, anasema, "Marahaba," hata kama hujamwamkia. Marehemu mume wangu alikuwa akisema siku mzee huyu atakapofika mbinguni, atawauliza malaika kama wamekunya.

Jina lake tulilijua, lilikuwa kwenye kila cheti cha chanjo, ila halikuwa na kazi. Huku kwetu upande wa Sengerema, kijiji cha ufukweni chenye mawe mengi kuliko udongo, yeye alikuwa Bwana Mifugo, basi. Alipostaafu akaletwa mwingine, kijana msafi mwenye simu kubwa. Huyo kijana tukamwita kwa jina lake, na mzee akabaki na cheo.

Alikuwa Mhaya wa Kagera. Mfuko wa shati lake haukukosa kahawa kavu za kutafuna, na ukimpa kiti alikuwa anakumiminia tatu nne kiganjani kabla hajakaa. Wanaume wa kwetu walipenda kumtania. "Nshomile huyo kaja, tufiche ng'ombe, atawasemesha Kiingereza!" Yeye hakuwa na haraka. Alikuwa anatafuna kahawa yake, anamtazama mtani wake toka kichwani hadi miguuni, anasema, "Kweli nimesoma. Na ng'ombe wako ana minyoo." Kicheko kinaishia hapo, watu wanaenda kushika ng'ombe.

Alikuwa mkweli mpaka anakera. Jirani yangu mmoja, mzee wa watu, alikuwa na dume lake la kulimia lililoteleza kwenye mwamba likavunjika nyonga. Mzee alikuwa amekaa pembeni yake analipepea nzi. Bwana Mifugo alishika, akabonyeza, akasimama. "Huyu ameshakufa, baba. Bado kuzikwa tu. Chinja leo mle, ukisubiri kesho utafukia." Yule mzee alilia mbele ya wakwe zake. Tulimchukia Bwana Mifugo wiki nzima, na nyama tukala. Wanawake wa kisimani wakampa jina la Bwana Msiba, na nadhani alilijua. Lakini ng'ombe wa mtu akilala tu chini bila sababu, ni yeye aliyetafutwa, hata kama ni siku ya Jumapili na yuko kanisani.

Kwa hiyo mguu wa Kadogo ulipoharibika, mimi nilijiandaa kusikia neno moja. Nilijiambia, huyu mzee atasema, nami nitajua moja. Neno hilo sikupewa. Na hicho ndicho kinachonifanya nimwandike, maana miaka yote niliyomjua, sikuwahi kumwona akikosa la kusema isipokuwa kwangu.

Kadogo ni punda wangu. Alikuwa mdogo tuliponunua, jina likamganda. Mume wangu alipofariki, shamba walilichukua ndugu zake, mimi nikabaki na nyumba, watoto wawili wa kike, na Kadogo. Kazi yetu ilikuwa maji. Alfajiri tunashuka ziwani, najaza madumu manne, mawili kila upande, tunapanda nayo kwenye mawe mpaka kwa mama lishe wa juu na kwa wafyatua tofali. Safari sita kwa siku, saba kukiwa na harusi. Nyumba yetu ilisimama juu ya miguu minne ile, wala sioni aibu kusema hivyo.

Sasa nitasema kosa langu, maana sikulisema kwa wakati. Huku ufukweni punda hufungwa miguu ya mbele kwa kamba fupi ili asiende mbali kula mihogo ya watu. Kamba tunayotumia ni ya nailoni, ya nyavu zilizochakaa. Inaokotwa bure mwaloni wanakoshushia samaki, haiozi, punda haikati. Nilipoolewa pale nilikuta kila mtu anafanya hivyo, nami nikafanya. Siku ya msiba wa shangazi yangu, Sengerema mjini, nilimfunga Kadogo asubuhi, nikasema nitarudi jioni. Ukiwa msibani wewe si mali yako. Nikalala huko. Mvua ikanyesha, Kadogo akawa anavuta, fundo likawa linajikaza. Niliporudi kesho yake mchana nilimkuta amesimama kwa miguu mitatu. Kamba ilikuwa imeingia ndani ya nyama juu kidogo ya kwato, huioni. Niliikata nikilia. Nikaitupa chooni.

Pikipiki ilipozimwa nyuma ya zizi, nilikuwa nimeshapanga uongo. Nikasema, "Shikamoo Bwana Mifugo. Kanasa kwenye waya wa shamba la watu."

Safari ile hakuuliza kama amekula. Alipiga magoti, akaushika mguu, akautazama muda mrefu mno. Kidonda kilikuwa kimezunguka kama pete, na waya haufanyi vile, hata mtoto angejua. Kano ya nyuma ilikuwa inaonekana, nyeupe. Nilisubiri anipasulie. Huyu ndiye aliyekuwa na msemo wake, "Mnyama hadanganyi, mwenye mnyama ndiye anadanganya." Alitoa daftari, akaandika, nikaona kwa macho yangu: waya. Kisha akasema, "Chemsha maji. Tia chumvi. Nataka na khanga ya zamani."

"Atapona?" nikamuuliza.

"Chemsha maji, mama."

Alikuja kesho yake. Akaja keshokutwa. Sikumwita. Kutoka kwake mpaka kwangu ni mwendo wa nusu saa wa pikipiki kwenye mawe, na alikuwa na vijiji vinne vya kuhudumia. Aliosha kidonda, akapaka asali, akafunga. Alipasua bomba la plastiki katikati, akaweka pamba, akalifungia mguuni ili kano isivutike. Kadogo aliposhindwa kusimama, alikwenda mwenyewe mwaloni akaomba wavu wa sangara uliochakaa, akaukunja mara nne, tukaupitisha chini ya tumbo na kuuning'iniza kwenye nguzo za zizi. Kadogo akawa amebebwa, miguu inagusa chini lakini uzito uko kwenye wavu. Watu walikuja kutazama. "Punda wa mjane amelazwa kitandani," walisema, na hawakukosea sana.

Cha ajabu ni kwamba Bwana Mifugo punda hakuwapenda. Alikuwa anasema waziwazi kwao Bukoba punda hafugwi, mtu ana migomba yake na ng'ombe wake wawili wa heshima, yatosha. Alisema serikali inahesabu ng'ombe, mbuzi, kondoo hadi kuku, punda hana mlango wa kuingilia. Na kuwapa wanyama majina alikataza kabisa. "Ukimpa jina, siku yake ikifika mimi ndiye naonekana muuaji." Kwa hiyo mbele yangu alimwita "mgonjwa". Lakini asubuhi moja nilikuwa nachambua mchicha nyuma ya ukuta nikamsikia, polepole, na lafudhi yake ile: "Kadogo. Inua, Kadogo. Inua basi." Nikajifanya sijasikia. Mtu mzima ana heshima yake.

Zawadi hakupokea. Nilimpa kuku, akaniambia nimrudishe kwa mama yake. Kitu kimoja tu hakuweza kukikataa, nacho ni michembe. Mhaya yule, pamoja na migomba yake yote, alikuwa akiona viazi vikavu vimepikwa kwa karanga anasahau Bukoba. Alikuwa anakula amesimama, jicho kwa mgonjwa, anasema, "Wabeja, mayu," yaani asante mama, kwa Kisukuma chake kibovu, halafu anafuta midomo na kurudi kwenye kidonda.

Mimi huku nilikuwa naisha. Maji nilibeba kichwani, safari mbili badala ya sita. Binti yangu mkubwa akaanza kuzunguka na mimi kabla ya shule. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alikuja akasimama na mikono kiunoni. "Shemeji, unamlisha maiti. Mwachie fisi ajue." Nikamfukuza kwa ufagio. Lakini maneno yake yalibaki ndani. Nilikuwa naangalia ule mguu kila siku. Leo umevimba, kesho umenywea. Leo amekanyaga, kesho ameuinua tena. Kusubiri ni kazi nzito kuliko madumu, nimebeba vyote viwili najua.

Ndipo siku moja, mwezi wa pili ule, nikamvaa. Alikuwa amechuchumaa anafungua bandeji. Nikasema, "Bwana Mifugo, mzee yule wa dume ulimwambia. Kila mtu huwa unamwambia. Mimi nimekukosea nini? Sema basi! Kama ni wa kufa, afe, nijue. Nina watoto!"

Hakuinua uso.

"Sijui," akasema.

"Hujui?"

"Sijui, mama. Kano haijashika. Inaweza kushika. Ningesema najua ningekuwa nakudanganya."

Nilikaa chini pale kwenye majivu, nikalia kwa sauti, mbele yake. Hakunibembeleza, hakuwa na mkono huo. Alimaliza kufunga bandeji, akakusanya vitu vyake, akaondoka bila kuaga. Kesho yake saa ileile pikipiki ikazimwa nyuma ya zizi. Alileta kamba ya katani, mpya, bado ina harufu ya duka, akaitundika kwenye msumari. "Akipona, tumia hii," akasema. Nikaona aibu iliyonishuka mpaka miguuni. Nikajua amejua. Na bado waya tukauacha kwenye daftari lake.

Kidonda kilipofunga, tukaanza kumshusha ziwani. Ilikuwa hekima yake. Maji yakifika tumboni, uzito unapungua, mguu unajifunza tena bila kuumia. Kila asubuhi tulimsukuma polepole, yeye Bwana Mifugo amekunja suruali, buti begani, anaangalia huku na huku kama kuna mamba. Kadogo alikuwa anasimama kwenye maji masikio yamelala, anatazama ng'ambo. Siku ya kwanza alipoukanyaga ule mguu sawasawa, hatua tatu, mimi nilipiga vigelegele peke yangu ufukweni. Bwana Mifugo alisema, "Usimsifie mapema," akageuka kutazama magugumaji, akatazama sana.

Mgonjwa hakurudi kuwa yule wa zamani. Nisidanganye. Anatembea, anachechemea. Mzigo hawezi, labda dumu moja moja, na mvua zikianza huuinua mguu ule siku mbili tatu nami moyo unaanza upya. Maji siku hizi tunavuta kwa mkokoteni wa mkono, mimi na binti yangu mkubwa. Kadogo anafuata nyuma kwa hiari yake, hana kazi, anasalimiwa.

Bwana Mifugo alistaafu mwaka uliofuata, akahamia Pasiansi, ng'ambo ya ziwa, kwa binti yake. Watu walikwenda kumwona. Mimi sikwenda. Kila nikipanga safari nilikuta sababu. Sababu yenyewe ilikuwa moja tu, ile ya waya. Mtu amekuhangaikia miezi minne kwa mikono yake na wewe ulimpokea kwa uongo; utamtazamaje?

Mwaka huu nikasikia anaumwa miguu, hatoki. Nikapika michembe, nikavuka. Siku hizi hatungoji kivuko, tunapita darajani, dakika chache umevuka. Nilimkuta kibarazani kwenye kiti cha plastiki, amekonda, kofia ileile. Nikasema, "Shikamoo, Mzee." Akasema, "Marahaba. Anakula?"

"Anakula, anakunywa, anatembea," nikasema. Akafumba macho. Nilipoona hivyo, maneno yakatoka yenyewe. "Mzee, haukuwa waya. Nilimfunga mimi, kamba ya nailoni, nikaenda msibani nikalala. Nilikudanganya. Nisamehe."

Binti yake akatoka kuangalia kama kuna tatizo. Alipoingia tena ndani, mzee akasema, "Ile kamba ni yangu."

Sikumwelewa.

"Kabla hujaolewa pale, kulikuwa na ugomvi kila siku. Punda wanakata katani, wanakula mihogo, watu wanapigana mapanga. Nikaitisha mkutano, nikasimama na kamba mkononi. Nikasema, tumieni za nyavu, hizi haziozi wala hazikatiki. Nilikuwa kijana, nilipigiwa makofi." Alitafuta kahawa mfukoni, hakukuwa na kitu. "Kabla ya punda wako niliona watatu. Mguu uleule, pete ileile. Wote nikawaua kwa mkono wangu. Wote nikaandika waya."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Bwana Mifugo akikosea kamba, nani ataleta ng'ombe kuchanjwa? Ndivyo nilivyojiambia. Wewe uliponiambia waya, mama, nilishukuru Mungu. Nilimshukuru kabisa."

Nitasema ukweli, sikumhurumia. Nilikasirika. Miaka yote nimejiona mchawi wa mnyama wangu mwenyewe, nimeamka na kulala na hatia hiyo, na huyu mzee alikuwa na nusu ya mzigo wangu ameukalia. Nikamwambia, "Na kule bado wanafunga, Mzee. Leo hii nimewaacha wanafunga." Akatikisa kichwa kwamba anajua. Nikamwambia, "Basi kesho nakuja kukuchukua. Utawaambia mwenyewe." Nilisema kwa hasira, sikutegemea. Nilipofika asubuhi alikuwa ameshavaa koti na kusimamia mkongojo getini, na binti yake anamgombeza hajanywa hata chai.

Tulipanda gari mpaka mwaloni wa kwetu. Nilitaka tupitie kwangu kwanza, amwone Kadogo, apumzike, ndipo tumtafute mwenyekiti. Hatukufika. Aliposhuka tu, pale penye vichanja vya dagaa, kulikuwa na punda amesimama na madumu manne yanachuruzika, miguu ya mbele imefungwa kamba ya bluu. Bwana Mifugo aliitazama. Akamwambia mama mmoja aliyekuwa anapara samaki, "Nipe kisu." Yule mama akampa kwa mshangao. Mzee akajishusha, goti moja, goti la pili, mpaka nikaogopa hatainuka, akaanza kukata. Nailoni ile ni ngumu.

"We mzee! Mzee vipi tena?" Mwenye punda alikuja mbio, mwanamume wa makamo, mwili umelowa maji. "Unakata kamba ya watu, unanijua?"

Mtu akasema, "Huyo si Bwana Mifugo?" Watu wakaanza kusogea. Mzee aliendelea mpaka kamba ikakatika, akaishika juu wote waione.

"Kamba hii mimi ndiye niliyewafundisha," akasema. Sauti ilikuwa ndogo lakini ilifika. "Nilikosea. Inakata mguu. Nilijua siku nyingi."

Yule mwanamume alimtazama, akatazama ile kamba. Hasira ilimtoka, ikabaki sura nyingine ambayo nisingependa kuiona tena.

"Huyu ni wa pili," akasema taratibu. "Wa kwanza alikufa mwaka juzi, mguu huo huo. Tulidhani tumerogwa. Baba yangu na jirani yetu hawasalimiani mpaka leo."

Bwana Mifugo alikuwa bado amepiga magoti kwenye magamba ya samaki. Nilimpa mkono ainuke, hakuushika.

"Pole sana, baba," akamwambia. "Njia ya kwenu niliijua. Sikuja kuwaambia."